Nchi Iliyofupishiwa Njia

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Ramani zake hupunguzwa kwa mkasi kila mwaka, na huenda mkafungua mkakuta mmeshika pembe tupu. Waliowahi kukaa huko wanasema ilikuwa na miji miwili mizuri, Kitukufu na Shukrani, na baina yake palikuwa na barabara ya udongo yenye kilomita tisini na sita. Palikuwa na mashamba ya mtama, palikuwa na vijiji, palikuwa na watu. Tunasema palikuwa kwa sababu ndivyo serikali isemavyo, na sisi ni nani hata tubishane na serikali juu ya vitu vyake.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Baba Asiyechoka Kuhurumia, na aliwapenda wananchi wake kupita kiasi. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika hakutaka kupewa zawadi, alitoa yeye. Mwaka mmoja aligawa bendera. Mwaka uliofuata aligawa bendera zilezile, baada ya kuzikusanya. Mwaka wa tatu ghala likawa halina kitu, na hapo ndipo Waziri wa Masafa alipopiga magoti akasema, "Mtukufu, wananchi wanalia kwamba njia ya Shukrani ni ndefu. Lami hatuna, greda hatuna. Lakini urefu ni mali yetu wenyewe. Tunaweza kuupunguza."

Basi ukapunguzwa. Uwanjani Mtukufu alisimama akasema, "Ndugu wananchi, wageni waliotutawala walituachia nchi ndefu makusudi ili tuchoke. Kuanzia leo saa sita mchana, kutoka Kitukufu hadi Shukrani ni kilomita arobaini na nane." Watu walicheza mpaka vumbi likatanda. Mwaka wa pili yake ikawa ishirini na nne, wakacheza tena.

Vijiji vilivyoangukia kwenye kilomita zilizofutwa havikuchomwa moto wala mtu hakupigwa fimbo. Waliambiwa tu kwamba pale walipo hapapo. Mwalimu akaacha kuletewa chaki. Zahanati ikaletewa kufuli. Barua zikawa zinarudi na muhuri mwekundu: MAHALI HAPAPO. Watu wa huko wakaendelea kulima, maana jembe halisomi mihuri.

*

Miongoni mwa vijiji hivyo kilikuwamo Mitungini, kwenye kilomita ya sitini ukitokea Kitukufu, na kwenye kilomita hiyo alikaa Bi Tatu, mfinyanzi wa vyungu, mke wa Mzee Kitwana.

Huyu Mzee Kitwana ndiye aliyeipima barabara ile ujanani mwake. Walikuwa wanne, wakivuta mnyororo wa kupimia, wanauweka chini, wanachoma kigingi, wanausogeza, hivyo hivyo tangu Kitukufu hadi Shukrani, miezi minne. Wenzake watatu walishakufa. Amri ya kwanza ilipotoka, Wizara ya Masafa ilimwita kama shahidi.

"Mzee, hiyo tisini na sita mliipata wapi?"

"Chini," akajibu.

"Hamkukosea?"

"Mnyororo ulikuwa mzima. Kama kuna kosa litakuwa la miguu yangu. Nendeni mkaipime."

Karani akaandika: Shahidi amekiri kosa la miguu.

Mzee alikuwa amekuja mjini kutibiwa kifua, akafikia kwa bintiye Sikudhani, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Alipokuwa bado kitandani, amri ya pili ikatoka, na akazidi kuwa mgonjwa asiye na pa kurudi. Daktari alimpima, akakunja kile kipimo chake, akamwambia Sikudhani mlangoni, "Mrudisheni kwake." Katika nchi ile, kama katika nchi nyingine, daktari akisema hivyo hana lingine la kusema.

Mzee hakuuliza daktari kasemaje. Alisema tu, "Mwanangu, nina neno nataka nikamwambie mama yako. Neno lenyewe si refu. Lakini la kutumana silo."

"Kwa nini asije yeye, baba?"

"Atokaje mahali ambapo hapapo? Askari wa kizuizini atamuuliza unatoka wapi."

Sikudhani alikuwa mtu wa kusubiri. Miaka saba ya kusubiri mashuka yakauke humfundisha mtu hilo. Alijitanda kanga, akaenda Wizara ya Masafa kupanga safari ya baba yake, akijua ni safari fupi, asubuhi na mchana, mkichelewa sana jioni.

*

Gari lilikuwapo. Jirani yao, Pazi, alikuwa na pikapu kuukuu, na alikubali kwa neno moja. Kilichokosekana ni petroli. Petroli katika nchi ile ilitolewa kwa kibali tu, nayo ilipimwa sawasawa na umbali wa serikali.

Nyuma ya dirisha alikaa Bwana Kilindo, mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Akampa fomu. Sikudhani alikuwa amesoma hadi darasa la saba, akikaa dawati la mbele, na huko alifundishwa kwamba swali hujibiwa kwa sentensi kamili. Alijaza vizuri mpaka akafika swali la tisa: Njiani utaona nini? Akaandika: Nitaona mtama, nitaona vichuguu, nitaona shule isiyo na paa, na mwisho nitamwona mama yangu.

Bwana Kilindo alisoma, akashusha pumzi. "Dada yangu, hapa umeona vitu vinne."

"Ndiyo, kaka."

"Sasa fikiri mwenyewe. Kutoka hapa hadi Shukrani ni kilomita ishirini na nne. Kumi na mbili ni za mji wetu, kumi na mbili ni za mji wao. Hivyo vitu vyako utaviweka wapi?"

"Siviweki mimi. Viko vyenyewe."

"Kafikiri. Urudi Jumatatu."

Jumatatu alirudi, akaandika vilevile, kwa kuwa tangu Ijumaa hakuna kilichokuwa kimebadilika. Akarudishwa. Kwenye benchi la wizara alijifunza mengi. Alijifunza kwamba aliyeandika kwamba ataona ng'ombe hurudishwa kwa wiki moja, aliyeandika kwamba ataona watu hurudishwa kwa wiki tatu, na aliyeandika jina la mtu huitwa chumba cha ndani. Yeye hakuitwa ndani kwa sababu hakumwandika mama yake kwa jina.

Jumatatu ya tatu alitoka nyumbani akimwacha baba yake anavuta pumzi kama mtu anayenyonya mfupa. Akafika, akachukua fomu, akaandika kwenye swali la tisa: Hakuna. Kalamu ilimwelemea kuliko shuka la maji. Hakuwahi kuandika uongo kabla ya siku ile, hata kwenye insha.

Kibali kikatoka palepale: gari moja, dereva mmoja, mgonjwa mmoja, msindikizaji mmoja, petroli ya kilomita ishirini na nne. Muda wa safari, nusu saa. Chakula, hakuna, kwa kuwa mtu haoni njaa kwa nusu saa. Chini kabisa: Ni marufuku kuchelewa.

"Kaka, nikitaka kibali kingine cha safari hiyohiyo?"

"Unakwenda mara mbili?"

"Nakwenda mara moja. Ila mara hiyo moja ni kama mara mbili na nusu."

Bwana Kilindo aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akavuta fomu nyingine, akaigonga muhuri bila kuisoma. "Cha pili kitatoka baada ya wiki mbili. Cha tatu tutaona." Kisha akasema taratibu, akijifanya anapanga karatasi, "Ukipita kilomita ya thelathini na tatu, kuna mama huuza karanga chini ya kibanda cha makuti. Msalimie."

"Ni mama yako?"

"Mimi nimezaliwa mjini, kama kila mtu. Msalimie tu."

*

Kibali cha pili kilitoka. Cha tatu kilikuwa mezani kinangoja sahihi, na Sikudhani keshamwambia baba yake, "Bado siku mbili." Kabla siku hizo mbili hazijaisha, ikafika siku ya kuzaliwa ya Mtukufu.

Redio ya jirani ilitoa hotuba tangu alfajiri. "Ndugu wananchi, niliwapa arobaini na nane, mkanishukuru. Niliwapa ishirini na nne, mkalia kwa furaha. Leo sitaki mchoke tena. Leo nawapa kumi na mbili." Mtaa wa Sikudhani ulikuwa na zamu ya vigelegele saa nne hadi saa tano, wakavipiga. Mwisho wa hotuba ikatangazwa kwamba ofisi zote zitafungwa siku saba ili wananchi waufurahie ufupi.

Mzee Kitwana alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani. "Kumi na mbili," akasema. "Kwa mwendo huu Mitungini itakuja yenyewe mpaka nyuma ya mlango. Hebu fungua, mwanangu, tutazame."

Sikudhani akafungua. Nje palikuwa na kamba ya nguo za jirani na kuku anapekua majivu.

"Bado," akasema.

"Basi funga."

Akafunga. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama mguu. Ulikuwa umevimba tangu kifundoni, na ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Aliyaona mengi hospitali, japo kazi yake ilikuwa mashuka. Alijua siku saba hazipo, na safari hii hakuna aliyezifuta kwa amri.

Alimkuta Pazi chini ya pikapu.

"Dada Sikudhani, mimi nakwambia ukweli, gari halisikilizi hotuba. Lina kilomita arobaini na nane tumboni, basi."

"Mteremko wa Kwa Punda je?"

Pazi akajitoa chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Pale nikizima injini naiba kilomita tatu. Nikiwa na bahati. Nne siziwezi, hata marehemu babu yangu hakuziweza, naye alikuwa mwizi hasa."

"Basi ni hamsini na moja."

"Na tisa zilizobaki?"

"Tutazikuta mbele."

Siku ileile alituma salamu kwa wanawake wanaopeleka chumvi vijijini kwa kupokezana usiku na mchana kwenye njia za mbuzi: Mwambieni mama tunakuja kesho, baba ana neno lake.

*

Waliondoka jua limekwisha kupanda. Mzee alilazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro, bintiye ameshika kichwa chake mapajani. Askari wa kizuizini alikagua vibali, akapiga saluti, akawatakia dakika kumi na tano njema.

Kwenye kilomita ya kumi na mbili walikuta kibao kipya, rangi haijakauka: KARIBUNI SHUKRANI, JIJI LA FURAHA. Kilichomekwa katikati ya mtama. Chini yake alisimama askari mwingine, kijana, na mbuzi wawili waliokuwa wakimzoea.

"Hongereni," akasema askari. "Mmefika."

"Ahsante, afande," akajibu Sikudhani. "Tunasogea kidogo hapo sokoni."

Askari akaugeukia ule mtama. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta soko kwa nia njema. "Nendeni," akasema, asiwatazame usoni. "Liko mbele kidogo."

Baada ya hapo wakaingia nchi isiyokuwapo. Ilikuwa nzuri. Mtama ulikuwa umeinamisha vichwa, vichuguu vimesimama kama wazee barazani, na watoto walikimbilia barabarani kupungia mikono kwa sababu gari walikuwa hawajaliona tangu mvua iliyopita. Sikudhani aliwapungia. Aliona shule isiyo na paa, na ndani ya shule mwalimu akiandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu.

Kwenye thelathini na tatu Pazi alipunguza mwendo bila kusimama, maana kuwasha tena ni hasara. Mama wa karanga akaja akitembea kando ya gari.

"Shikamoo, mama. Kuna mtu wizarani anakusalimu."

"Marahaba. Amenenepa?"

"Kidogo."

"Bado anaona aibu?"

Yule mama akatupa pakacha la karanga ndani ya gari, akasema, "Mpelekeni mzee salama," akabaki nyuma.

Mzee Kitwana alikuwa amefumba macho, lakini midomo ilikuwa kazini. "Thelathini na nane. Hapa nyuki walitutimua." Baadaye, "Arobaini na moja. Daraja." Gari likapiga mbao za daraja. Hakukosea hata moja. Sikudhani aliona aibu kwa niaba ya nchi nzima, kwamba mtu huyu ndiye aliyeandikiwa kosa la miguu.

Kwenye mteremko wa Kwa Punda Pazi alizima injini, na wakawa wanakwenda kwa mlio wa upepo na mawe. Pazi hakupumua. Alishika usukani kama mtu anayebeba maji kiganjani. Tambarare ilipofika akawasha tena mpaka petroli ikaisha, gari likaenda kwa shukrani, likaenda kwa mazoea, kisha likasimama.

"Tatu kamili," akasema Pazi. Hakuna aliyempongeza.

*

Palikuwa pakavu mahali pale. Mtu mmoja aliyekuwa analinda ndege shambani aliwaona, akaja, akamtazama mzee, hakuuliza swali hata moja. "Naleta kitanda na watu," akasema, akaondoka mbio kupitia mtama. Watu wa kilomita zilizofutwa walikuwa wamebaki na desturi zao zote. Hakuna aliyekumbuka kuzifuta.

Pazi alishuka, akaenda kukaa nyuma ya kichaka cha kando ya barabara, kwa sababu hakutaka kuonekana anafuta macho.

Sikudhani alimtia baba yake maji midomoni. Yakatoka upande. Pumzi sasa zilikuwa zinakuja kwa nafasi, na kila nafasi ilikuwa ndefu kuliko iliyopita.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Tumefika?"

Alitazama mbele. Barabara ilikwenda, ikapinda, ikaendelea kwenda. Kilomita tisa. Mpaka kitanda kipatikane, mpaka watu wakusanyike, mpaka wakimbie nacho. Mama yake alikuwa huko mbele, amefagia uwanja tangu asubuhi. Sikudhani alikuwa amekaa mwezi na zaidi kwenye benchi la watu wanaosema kisichokuwapo kipo na kilichopo hakipo, akawadharau wote kimoyomoyo, mmoja mmoja.

"Tumefika, baba," akasema.

Mzee Kitwana alikuwa kama karani anayepitia hesabu ya mwenzake. Mtu aliyeipima njia ile kwa mnyororo, aliyeijua kwa nyuki na kwa madaraja, alikuwa amelala juu ya kilomita ya hamsini na moja, na uso wake haukusema anajua wala hajui.

"Haya," akasema. "Basi piga hodi. Mtu haingii hata kwake kama mwizi."

Sikudhani akainua uso kuelekea kwenye mtama. "Hodi," akasema.

Upepo ukapita. Mtama ukainama, ukainuka.

"Piga tena. Mama yako yuko uani."

"Hodi hapa."

Nyuma ya kichaka, Pazi alikohoa. "Karibuni," akaitikia, kwa sauti yake ileile nzito ya kuita abiria. "Karibuni ndani."

Mzee hakuuliza sauti hiyo ni ya nani. Akavuta pumzi moja, akaitoa, na iliyofuata haikuja.

*

Baadaye ilileta taabu ofisini. Bwana Kilindo alishika kalamu akauliza, "Amefia wapi?" na alipoambiwa kilomita ya hamsini na moja, aliiweka kalamu chini. Mtu hawezi kufia mahali hapapo. Ikabidi aandikwe kwamba msafiri bado yuko njiani, na kila mwaka wizara humpelekea barua ya kumkemea kwa kuchelewa. Barua hurudi na muhuri. Lakini hayo yalikuja nyuma.

Siku ile wanaume walikuja na kitanda cha kamba, wakamlaza, wakamfunika kanga ya Sikudhani, wakasimama wakingoja apewe heshima ya kwanza. Na kabla hawajakiinua kitanda mabegani, Bi Tatu akatokea penye kona, anatembea upesi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amengoja hadi umande ukakauka, kisha akaona asingoje tena.

Wanaume wakampisha. Akakitazama kitanda, akaitazama kanga ilivyofunikwa. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa vyungu kwenye kucha.

"Alikuwa na neno," akamwambia bintiye. "Wenye chumvi waliniambia ana neno langu."

"Ndiyo, mama."

"Alisemaje?"

Sikudhani alitafuta. Angeweza kutunga neno zuri. Siku hiyo alikwisha kujua kwamba anaweza. Lakini moja lilimtosha kwa maisha yake yote.

"Alinituma nikubishie hodi."

Bi Tatu alisimama pale katikati ya barabara, hakuna nyumba, hakuna ukuta, jua la utosi. Kisha akasogea kando hatua moja, kama mtu anayeachia nafasi ya mlango.

"Karibu, baba Sikudhani," akasema.

Wakamnyanyua, wakampitisha.